Mwepesi Ndiye Huliwa

Jumapili, 3 Agosti

Nimeitwa kibete. Ndani ya nyumba yangu! Tena na mjukuu niliyemlea mwenyewe kwa uji wa mtama.

Saumu karudi likizo kutoka chuo kikuu. Anasomea nyota. Watu wakiniuliza, nawaambia anasomea falaki. Yeye hukasirika. Ati si falaki, hapigi ramli, na hakuna cha nyota ya mtu. Kasoma miaka yote hiyo na bado hajui kwamba kila mtu ana nyota yake! Yangu mimi ni Nge. Ya Kache siijui, lakini haiwezi kuwa ya maana.

Kache ni mke mwenzangu. Alikuwa mke mwenzangu. Marehemu katuacha sote wawili, na sasa hata sijui huyu ni nani wangu.

Basi leo baada ya alasiri Saumu katuita sebuleni atusomee hotuba yake. Mwisho wa mwezi atazungumza mbele ya watu maktaba, kwa Kiswahili, na ataka kujua kama mtu asiyesoma ataelewa. Asiyesoma! Mimi nimekaa darasa la ngumbaru nikapata cheti. Nikakunja miguu nikasikiliza.

Kasema hivi. Kuna nyota mbili, zimezaliwa pamoja na zazungukana. Iliyo kubwa ndiyo huzeeka mwanzo. Ikizeeka hufura, na mali yake humwagikia mwenziwe. Mwisho hubaki kiini kitupu, kidogo, cheupe, cha moto, na kizito ajabu: kijiko chake kimoja ni uzito wa ndovu. Hicho ndicho kibete cheupe. Kisha ya pili nayo hufura, mpaka zote mbili zikafunikwa na joho moja, kama wanawake wawili ndani ya buibui moja. Mle ndani zavutana, zakurubiana. Joho likishapeperuka, vimebaki vibete viwili vyatazamana. Na havitulii. Kila vikizunguka vyasogeleana, na kila vikisogeleana kasi yazidi.

Hapo nikaanza kutoka jasho.

Mkubwa ni nani? Mimi. Nani kazeeka mwanzo? Mimi. Nani alimmwagia mwenziwe mali, masufuria na mikeka, hata kumfunza kutia nazi kwenye wali asiukoroge ukawa bokoboko? Mimi! Na joho lililotufunika sote ni marehemu, Mungu amrehemu. Likapeperuka. Tukabaki vibibi viwili vifupi vyenye mvi. Na kusogeleana je? Kache alikuwa akikaa Kisauni, ng'ambo ya daraja, twaonana Idi kwa Idi. Kisha akahamia Kibokoni, ikawa kila Ijumaa. Mwezi uliopita paa lake likabomoka, na sasa yuko orofani, juu ya kichwa changu, na twagombana kila adhana.

Saumu ana adabu. Hakutaka kututaja kwa majina, ndiyo maana akasema nyota.

Nikauliza, kama mtu asiyejali, mwisho wa hivyo vibete ni upi. Akasema kile chepesi ndicho kinachoraruliwa. Kizito chakivuta, chakifyonza, mpaka...

Mbaazi zikanuka moshi! Nikakimbilia jikoni. Kurudi, hotuba imekwisha. Kache alikuwa amekwisha kushuka. Alichelewa, kwa yale magoti yake ya maonyesho, kwa hiyo kasikia mkia tu wa maneno. Lakini alikuwa amekaa kitini mwangu, ananipima kwa macho toka utosini hadi nyayoni. Sikuuliza hotuba iliishaje. Siulizi kitu mbele ya yule.

Mwepesi ndiye huliwa. Nami ni mwembamba kama ufito. Ya Rabi.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku imeanza kwa balaa. Shemeji Khubaib kapiga simu. Tangu ndugu yake afe yeye ndiye mkubwa wetu, na neno lake halirudishwi. Atakuja Ijumaa baada ya swala akate shauri nani akae chumba cha chini cha mbele, chenye dirisha la Ndia Kuu.

Chumba changu! Humo niliingia bibi harusi. Mwenye dirisha lile ndiye asalimiwaye na kila apitaye, na ndiye mwenye funguo, na mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Nikitolewa pale nitakuwa mgeni wa Kache. Nitamwomba chumvi! Na anitoaye ni magoti yake. Ati ngazi zamuua. Mbona hazijamaliza kazi?

Nikamwambia Khubaib kuwa mimi ndiye mke mkubwa, hilo halitaki kikao. Akajibu kwa ile sauti yake ya msikitini: "Shemeji, mimi sina upande. Nitawasikiliza nyote, kisha nitamtazama mwenye uzito."

Mwenye uzito! Simu ilinitoka mkononi. Nikamwandama Saumu, nikamuuliza kama kamwambia babu yake mdogo habari za nyota. Akaapa hawajazungumza tangu Ramadhani. Basi limesemwa juu na limesemwa chini, na mimi si mjinga.

Shauri langu ni hili: ikifika Ijumaa niwe mzito kumshinda Kache. Si kazi ndogo. Kache akisimama mlangoni, chumba huwa giza. Lakini nimeanza. Mahamri kwa zile mbaazi zilizoungua, maana kuungua hakupunguzi uzito. Kisha viazi karai vya pale kona. Kisha kitumbua, na mwenziwe, na jirani yake. Saumu kauliza kama ni mzima. Nikamwambia anipishe, ananizibia kabati.

Jumanne, 5 Agosti

Ajabu ya dunia. Kache kawa mwema!

Asubuhi kachukua hamri lake akaliweka kwenye sahani yangu. Kanambia kula, dada, umekonda, watu watasema nimekuja kukumaliza. Mchana kapika mwenyewe wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi kanipakulia mlima, yeye katia vidole viwili tu kama ndege. Jioni kaniletea bakuli la kaimati zinazoogelea shira, akasimama hapo hapo mpaka nimalize.

Nilicheka kimoyomoyo hadi mbavu zikauma. Mpumbavu huyu! Ajipunguza mwenyewe na aniongeza mimi. Ajichimbia kaburi kwa mwiko wake. Nikala vyote, nikafuta bakuli kwa kidole.

Lakini sasa nakaa nafikiri, na moyo hautulii. Huyu hajawahi kunipa hata kitunguu bure. Mbona hanitazami usoni, anitazama tumboni? Na nilipocheua baada ya kaimati, kwa nini aliruka nyuma ya kabati akaziba masikio?

Ana lake jambo. Lakini hata awe nalo, sahani haikatai chakula.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya aibu. Naandika ili niipunguze.

Nilitaka kujua tumefika wapi. Pale Mwembe Tayari, zinapoegesha zile basi za bara, kuna kijana mmoja Mkamba, jina lake Mutunga, ameweka mizani njiani, na wanaosubiri basi hujipima kuondoa uchovu. Nikamdanganya Kache twende tukatazame vitunguu. Akakubali upesi mno. Nikasema moyoni, ngoja.

Kabla ya kutoka nilijifunga mchi wa chuma kiunoni, kwa leso, chini ya buibui. Si udanganyifu. Ni tahadhari.

Tulipofika nikasema, lo, mizani! Hebu tujipime, tujue afya. Nikamwambia Kache avue viatu, avue bangili, aweke mkoba chini, na asivute pumzi, kwani pumzi yaharibu hesabu. Akafanya yote. Mutunga akasoma. Kisha nikapanda mimi na viatu vyangu. Mutunga akatazama, akanitazama, akatazama tena. Akatangaza mpaka makanga wa basi wakageuka: "Shosho, huyu mwenzako amekushinda kidogo tu! Usikate tamaa!"

Kidogo tu! Nikaruka kwa furaha. Hapo leso ikafunguka. Mchi ukashuka ndani ya buibui, ukapita gotini, ukatua katikati ya kioo cha mizani. Kikapasuka.

Mutunga akauliza kama nimebeba reli. Mama mmoja mwenye kuku akasema wazee wa siku hizi wanatembea na silaha. Walicheka mpaka wapiga debe wakasahau majina ya miji. Nikamwambia Mutunga mizani yake ilikuwa mbovu tangu zamani, kelele zake nilizisikia. Hakuridhika. Nimemwahidi mizani nyingine, na Saumu hajui bado kwamba ndiye atakayeinunua.

La kunitia wasiwasi ni Kache. Hakucheka! Kanishika kiwiko kwa ncha za vidole, akaniambia twende polepole, dada, usijitikise. Kisha akavuka barabara, akaenda upande wake wa ndia mpaka nyumbani. Kila nikikohoa, achuchumaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Pete haitoki kidoleni. Moyo wapiga kama chapuo. Nikiinama naona nyota, na si za Saumu.

Kesho ni kesho. Nimejaribu kuuliza kwa hila. Nimemwendea Saumu pale mezani kwake, nikamwambia, mwanangu, tuseme kibete ni kizito, tena kimeshiba, basi ndiyo kimesalimika, siyo? Asiinue hata macho! Akajibu, inategemea, nyanya. Inategemea! Tumeuza mkufu kumsomesha, na sasa inategemea! Akaendelea kusema kwamba kuna kikomo, kwamba kibete kikishapita kikomo hicho...

Sinia ikaanguka jikoni kwa kishindo. Kache akapiga kelele kwamba maji yafurika, Saumu njoo, Saumu mbio! Saumu akaenda mbio. Hakukuwa na maji. Kache akatoka na mkate wa sinia wa moto, akanikatia kipande kama tofali, akasema leo kautilia iliki kwa ajili yangu.

Kikomo gani? Kikomo cha nini?

Nimeula. Niliula nikiwa na hofu, na hofu yafungua tumbo, kwa hiyo nikaongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nikiwa zahanati, nimelala. Kalamu ni ya nesi.

Khubaib alikuja na kanzu yake nyeupe na tasbihi. Kache alikuwa kapika biriani. Nilikula sahani yangu, na ya Saumu, na Kache akanisogezea na ya kwake, akiwa kasimama mbali, ameunyosha mkono kama anayelisha mamba. Gauni langu la maua lilinibana hata sikuweza kutia pumzi chini ya shingo. Sikujali. Khubaib ana macho, ataona uzito.

Akafungua kikao. Kache akasema yake: magoti, ngazi, magoti, uzee, magoti. Kasema vizuri, mbwa yule. Hata mimi nilimwonea huruma kidogo. Kisha Khubaib akanipa nafasi. Nikasimama. Nikatoa kifua. Nikasema, shemeji, katika nyumba hii mwenye uzito...

Gauni likapasuka. Pwaa! Toka kwapani mpaka kiunoni.

Kache akajitupa chini ya meza akilia kwa sauti ya juu: "Kalipuka! Wallahi kalipuka! Tufunikeni!" Nami nikaona giza, miguu ikaniacha, nikamwangukia Khubaib pamoja na kiti chake na sinia ya biriani.

Zahanati hapa kuna nesi wa bara, Truphosa, mwanamke wa sauti kubwa asiyejua kubembeleza. Kanifunga kile kitambaa cha presha, akatazama, akatikisa kichwa. Kanichoma kidole, akatazama sukari, akakaa chini. Akanambia, mama, haya mapigo ni ya mtu anayefukuzwa na fisi. Umekula nini? Nikamtajia. Alikuwa akiandika. Nilipofika Jumanne jioni akaiweka kalamu, na ndivyo nilivyoipata.

Kisha Kache akaingia analia, ushungi upande. Kaanguka miguuni pangu akatapika yote yaliyo moyoni. Siku ile ya hotuba kasikia mwisho tu: kwamba kibete akila sana mali ya mwenziwe hupita kikomo, akalipuka mzima mzima, hasalii hata unyoya, na mwanga wake waonekana toka pande zote za mbingu. Akadhani Saumu atutabiria. Akasema moyoni, basi na ale yeye, si mimi. Ndiyo maana ya kaimati.

Nikamwuliza, Kache, ulitaka nipasuke?

Akajibu kwa kwikwi kwamba alitaka nipasuke kidogo tu. Kiasi cha kuhama chumba.

Nami, kwa kuwa nilikuwa dhaifu, nikamwambia kweli: mimi nilitaka nikumeze. Tukatazamana. Alikuwa mwekundu macho, na kilemba cha biriani bado ki kichwani mwake. Truphosa akamuuliza Saumu, kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, kama hawa wazee wanatumia dawa yoyote ya akili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudishwa nyumbani. Saumu katukalisha kama watoto wa madrasa. Sijawahi kumwona hivyo. Kasema nyota ni nyota na watu ni watu, na angenizika leo kwa sababu ya hotuba yake, na je, tulimfikiria yeye? Akalia. Nikatazama mkeka. Kache naye akatazama mkeka, upande wake.

Kisha akatueleza tena yote toka mwanzo, bila mbaazi na bila sinia kuanguka. Viwili vikifika karibu kabisa, mambo ni matatu. Pengine vyagandana vikawa kimoja. Pengine kimoja chalipuka. Na pengine kile chepesi chammegea mwenziwe kidogo kidogo, kwa utaratibu, na kila kikimega vyapeana nafasi, vyarudi nyuma taratibu, vyaendelea kuzungukana miaka isiyohesabika. Hakuna aliyeraruliwa, hakuna aliyepasuka. Akanitazama sana aliposema hivyo. Kidogo kidogo, nyanya, akasema. Kumegeana.

Nikaitikia kwa kichwa. Kusema kweli nilikuwa bado nawaza lile alilolitaja kwa kupita tu, kwamba vibete hivi vina kinyume chao: kikizidi uzito huwa kidogo, na kilicho kipana ndicho chepesi. Kipana ndicho chepesi! Na mimi wiki nzima najipanua! Nilitaka kuangua kilio.

Khubaib alikuja baadaye, anachechemea. Nikamkumbusha habari ya uzito. Akasema uzito aliokusudia ni wa hoja, si wa nyama, ila hata huo wa nyama keshaupima, ulimwangukia mbavuni. Akakata shauri. Truphosa kanikataza mimi ngazi, na magoti yamkataza Kache ngazi. Basi sote chini. Chumba kimoja, vitanda viwili, na funguo zitaning'inia ukutani katikati.

Nikasema hilo haliwezekani. Kache akasema hilo haliwezekani. Khubaib akasema hilo ndilo neno la kwanza tulilokubaliana tangu ndugu yake atuoe, akaomba fatiha, akaondoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetulia. Nimejifunza.

Kuishi na Kache si vibaya kama nilivyohofu. Ni vibaya zaidi. Akoroma kama meli ikiingia Kilindini, na dirishani atoa salamu kabla yangu. Wapita njia wamezoea upesi. Leo muuza kahawa kamwita bi mkubwa! Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Lakini sina kinyongo. Nimelitafakari somo la Saumu toka mwanzo hadi mwisho, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa langu nilikula mimi! Mdogo ndiye mzito, na mpana ndiye mwepesi, na mwepesi huliwa. Na huyo mpana akizidi kula, hulipuka. Kwa hiyo yanipasa niwe mdogo, na Kache ndiye ale. Akiwa mwepesi, ni wangu. Akilipuka, ni wangu vile vile. Sikujua elimu ina faida hivi.

Nimeanza leo. Mimi nimekunywa uji usiotiwa sukari kama alivyoagiza Truphosa, na Saumu kanisifu kwa utiifu. Kisha nimemkaangia Kache mkate wa mayai, ule mnene wa nyama, nikampelekea kitandani na chai ya maziwa. Kanitazama kwanza kwa jicho la shaka. Nikamwambia ajionee huruma, kalia sana kwa ajili yangu, mwili wapungua. Akala. Akaramba sahani. Akaomba mwingine.

Saumu alipita akaniona napakua wa pili, akasimama mlangoni, machozi yakamlengalenga. Kanikumbatia. Ati ndivyo alivyokusudia hasa, na sasa hotuba yake ina mfano. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kache yuko kwenye wa tatu. Nimekivuta kitanda changu mpaka kimegusa mlango, na nimelala kichwa ndani, miguu nje. Akianza kulipuka, mimi nimekwisha kuondoka.